Usimwombe Baba Ruhusa Kabla Hujawamba Ngoma

Kila mwaka tamasha la sanaa linapokaribia na mji wetu wa Bagamoyo unapoanza kupokea wageni, hunijia kijana mmoja au wawili saa za alasiri, wakati ninaanua ngozi nilizoanika uani. Hutoa shikamoo, hukaa juu ya gogo, hunyamaza kitambo. Swali lake nalijua kabla halijamtoka mdomoni: "Mwalimu, nimwambieje baba?"

Wakati mwingine si baba, ni mama, au ni bibi aliyemlea. Kuna anayependa ngoma, kuna wa sarakasi, kuna wa kuchonga, na siku hizi wapo wengi wanaotaka kupiga picha za video. Mwaka juzi alikuja binti wa kidato cha tatu. Mama yake hukaanga samaki sokoni, jirani na forodha ya zamani, na yeye mwenyewe huamka saa kumi za usiku kumsaidia kuparua magamba kabla hajaenda shule. Alikuwa amesikia zeze likipigwa siku ya tamasha, na tangu siku hiyo hakupata usingizi mzuri. Hakuwa na zeze, wala hakuwa amelishika hata mara moja. Ila alikuwa ameshaiandaa hotuba ya kumpa mama yake, ameiandika kwenye daftari la hesabu, kurasa mbili nzima.

Nilimwambia ailaze hotuba ile. Ndilo jibu ninalowapa wote, na ndilo ninalotaka kukupa wewe unayesoma makala haya ukiwa na jambo lako moyoni: usiseme kitu bado. Leo huna cha kusema. Una hamu tu, na mzazi wa pwani hii ameona hamu nyingi zikija na kusi na kuondoka na kaskazi. Mwanawe wa kwanza alitaka kuwa baharia, wa pili alitaka kufungua duka la simu, mtoto wa jirani alikwenda Dar es Salaam kuwa mwanamuziki akarudi baada ya miezi minne bila viatu. Unapomwambia "Mama, nataka kuwa msanii," unamtaka aamini kitu ambacho hata wewe hujakiona. Atakataa, na akishakataa kwa mdomo wake mbele ya watu, itamwia vigumu kuligeuza neno. Kwa nini umsukume kwenye kona hiyo mapema?

Mimi nilimsukuma wangu kwenye kona hiyo, ndiyo maana nasema.

Baba yangu alikuwa fundi wa majahazi. Alifanyia kazi ufukweni, tezo mkononi tangu baada ya sala ya alfajiri, na mimi, mwanawe wa kwanza wa kiume, nilihesabiwa kuwa mrithi wa tezo lile. Nikiwa darasa la saba nilikuwa nimeshajua kukalafati, kuzibaziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta ya papa mpaka chombo kisivuje. Lakini usiku mdundiko ukipita mtaani, mimi nilikuwa nyuma yake. Tulizunguka nao mitaa hadi jogoo la kwanza. Siku moja, nikiwa na miaka 16, nilisimama mbele ya baba na marafiki zake wawili waliokuja kunywa kahawa barazani, nikatangaza kwamba sitakuwa fundi wa vyombo, nitakuwa mpiga ngoma. Baba hakunipiga. Aliweka kikombe chini akasema, "Nyumba hii haitatoa mhuni." Usiku ule nililala barazani, na kwa muda wa mwaka mzima neno ngoma halikutajwa tena kati yetu.

Kuna jambo nililishuhudia kila siku bila kulielewa. Baba alikuwa na redio ya betri aliyoitundika kwenye mti pale ufukweni. Saa ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania ilipofika, zililia kwanza ngoma, zile ambazo kila mtu wa rika langu anazijua, na baba aliliweka tezo chini. Hakuliweka kwa ajili ya habari, maana habari zenyewe aliweza kuzisikiliza huku anachonga. Alizisikiliza ngoma. Nilipomuuliza ni nani azipigaye, alisema, "Mzee Morris. Haoni, lakini sikiliza mkono wake." Huyo alikuwa Morris Nyunyusa, kipofu ambaye ngoma zake nchi nzima ilizizoea kuwa ndiyo mlango wa habari. Basi baba aliijua ngoma, na aliipenda. Alichokiogopa ni ngoma mkononi mwa mwanawe.

Nakuomba uitafakari tofauti hiyo kabla hujagombana na mtu nyumbani kwenu. Mara nyingi mzazi hakatai kile unachokipenda. Kuna kitu anakiogopa, na usipokijua kitu hicho utajibu swali ambalo hakukuuliza. Yupo anayeogopa njaa: ameona wazee waliopiga ngoma mbele ya marais wakimaliza maisha yao wakikopa unga. Mzazi wa namna hiyo ukimweleza heshima ya utamaduni unapoteza pumzi, anataka kujua utakula nini mwezi wa nne mvua za masika zinapowafukuza watalii. Mwingine anaogopa maneno ya watu, hasa kama wewe ni binti, kwa sababu katika miji yetu sifa ya nyumba hubebwa na mabinti, na ngoma za usiku zina majina mabaya ambayo si yote ya kusingiziwa. Mwingine anaogopa kwa ajili ya dini yake, na hofu hiyo usiidharau wala usiibishe kwa ujuaji. Mzazi huyo huyo amekulia kwenye maulidi, dufu likipigwa na watu wakiyumba kwa safu. Sauti ya ngozi iliyowambwa si ngeni masikioni mwake. Anachotaka kujua ni kama adhana ikiadhiniwa utanyamaza, kama utavaa vya kujistiri, kama utakuwa mahali penye pombe. Mjibu kwa vitendo. Mazoezi yako yakome kabla ya magharibi, akuone unakwenda kuswali.

Kuijua hofu ya mzazi hakuhitaji kikao. Msikilize anapomzungumzia mtoto wa mwenzake. Hapo ndipo anaposema la moyoni.

Sasa turudi kwa baba, kwa sababu mambo yalivyokwisha ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Baada ya mwaka ule wa kimya, nilipata kipande cha gogo la mwembe kutoka kwa mzee aliyekuwa akichonga mitumbwi. Lilikuwa na ufa upande mmoja, ndiyo maana alinipa bure. Nilianza kulitoboa nyuma ya jiko kwa patasi kuukuu, kila siku nikitoka kumsaidia baba. Sikuwa na nia ya kumwonyesha mtu. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Kama wiki tatu hivi zilipita. Jioni moja nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Baba alipitisha kiganja ndani ya gogo kama anavyokipitisha kwenye ubavu wa jahazi, akasema, "Ukuta wa huku mzito, wa huku mwembamba. Ngozi ikivuta, itapasuka." Akaenda akaleta tezo lake. Tezo ambalo mimi sikuruhusiwa kulishika! Akaketi chini akachonga mpaka adhana ya magharibi. Hakusema kitu kuhusu ngoma, wala kuhusu uhuni. Kesho yake, tukiwa kazini, akaniuliza kana kwamba tumezungumza jambo hilo jana na juzi: "Ngozi utaitoa wapi?"

Baba hakushawishiwa na maneno. Aliona vibanzi vya mti vimejaa uani, akaona malengelenge, akaona kosa la ufundi ambalo yeye alijua kulirekebisha. Mkono wake ukaingia kazini, na mkono ukishaingia, moyo haukai nje kwa muda mrefu.

Ushauri ninaoujua kuliko mwingine wowote ndio huu: tafuta mahali ambapo kazi unayoipenda inagusana na mkono wa mzazi wako. Pako mahali hapo karibu katika kila nyumba. Mama ni fundi cherehani? Mwombe akupimie vazi la jukwaani, umkabidhi kitambaa na picha, umwache yeye aseme kola iweje. Baba ni mvuvi? Anajua mafundo na kamba kuliko mwalimu yeyote wa sarakasi. Mwombe akukagulie kamba ya kubembea kabla hujaipanda. Bibi anakumbuka nyimbo za unyago au za kuvuta nyavu ambazo hazimo katika kitabu chochote. Keti naye na daftari, umuulize maana ya kila neno. Baba ni karani? Mpelekee mahesabu ya kikundi chenu akuonyeshe mlipokosea. Na usifanye hivyo kwa hila. Mzazi ananusa hila kutoka mbali. Fanya kwa sababu kweli unahitaji msaada, na kwa sababu hakuna sanaa ya pwani hii ambayo haikuanza na fundi fulani wa kitu kingine.

Ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wake, utazame ukoo mmoja unaojulikana hapa mjini na mbali sana nje ya mji. Hukwe Zawose alizaliwa mwaka 1938 mkoani Dodoma, Mgogo mchunga ng'ombe, na muziki aliupata kwa baba yake. Mwalimu Nyerere alikuwa ameunda wizara ya utamaduni tangu mwaka 1962, na katika miaka hiyo ya 1960 kijana huyo aliitwa Dar es Salaam kuingia katika kundi la taifa. Makundi ya taifa yalipokwisha, Chuo cha Sanaa kikaanzishwa hapa Bagamoyo mwaka 1981, naye akawa mwalimu wake. Aliwaita ndugu na wanawe, akawafundisha zeze na ilimba, wakapiga pamoja. Dunia ilimsikia kupitia majukwaa ya tamasha la WOMAD na sahani za studio ya mwanamuziki Peter Gabriel kule Uingereza. Alifariki hapa hapa Bagamoyo Desemba 2003.

Hadithi hii watu huisimulia kama ya mtu mmoja mwenye kipaji. Mimi naiona ni ya nyumba. Na sehemu yake inayowahusu zaidi mabinti wanaonijia ilitokea baada ya mzee kuondoka. Kwa desturi ya Wagogo, mwanamke hupiga muheme, ngoma inayobanwa mapajani, huimba na kucheza. Zeze na ilimba vilikuwa vya wanaume, na kuongoza kundi vilevile. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walikaa miaka mingi nyuma ya kaka na baba zao wakiitikia. Hawakuondoka nyumbani kwa hasira. Walikaa ndani ya muziki ule ule, wakazijua nyimbo mpaka mwisho, wakashika ala, na mwaka 2024 santuri yao iitwayo "Maisha" ikatoka kwa jina lao wenyewe, The Zawose Queens. Nilipomsimulia yule binti wa kidato cha tatu, aliuliza swali moja tu: "Walingoja miaka mingapi?" Sikumdanganya. Mingi. Mimi naona walingojeshwa kupita haki, na mzazi anayesoma hapa asichukue subira yao kuwa ruhusa ya kumchelewesha binti yake.

Niseme kuhusu kujiamini, maana vijana wengi wanadhani kwanza mtu hujiamini, kisha ndipo hupanda jukwaani. Hapana. Kujiamini ni kitu cha mikono kabla hakijawa cha moyo. Chagua saa moja ya siku, ile ile kila siku, hata kama ni nusu saa kati ya kutoka sokoni na kwenda shule. Piga mapigo matatu tu. Yapige polepole mpaka yakuchoshe, kisha endelea kuyapiga, kwa kuwa baada ya uchovu ule mkono huanza kwenda wenyewe na wewe unapata nafasi ya kusikiliza. Jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake, si siku ile ile. Siku ile ile utajisifu au utajichukia, na yote mawili hayafundishi. Na tafadhali, video hizo usizirushe mitandaoni kabla nyumbani hawajajua. Mzazi asikuone kwa mara ya kwanza kwenye simu ya jirani. Nimeona nyumba mbili zikivunjika masikilizano kwa sababu hiyo hiyo, na kijana akashangaa kwa nini baba amekasirikia kitu kizuri. Hakukasirikia kitu. Alikasirika kuwa wa mwisho kujua.

Watazamaji wako wa kwanza wawe watoto wadogo wa mtaani. Watoto hawajui adabu ya kusifu uongo, wakichoka wanaondoka. Wakibaki, nenda kwa bibi. Kutoka kwa bibi, nenda kwenye shughuli ndogo ya jirani. Mimi mara ya kwanza kupiga mbele ya watu wazima ilikuwa arusini kule Kaole. Usiku ule ulikuwa na unyevu wa bahari, na kama unavyojua, ngozi ikipata unyevu hulegea. Nusu ya wimbo ngoma yangu ikaanza kutoa mlio wa debe la maji. Nilitaka kuitupa nikimbie. Mzee aliyekuwa kulia kwangu hakunitazama hata usoni. Alinisogezea ngoma yake kwa goti, akaichukua ya kwangu, akaenda kuipasha kwenye moto wa makuti, akarudi. Wachezaji hawakugundua. Tangu usiku ule najua kwamba kukosea mbele ya watu hakuui, ilimradi hukusimama. Najua pia kwamba muda wa kupasha ngoma moto si wa kupiga soga. Keti karibu na moto, ugeuze ngozi, uigonge kwa kidole, usikilize ikipanda. Mwili wako nao unapashika. Kijana anayeipasha ngoma yake mwenyewe hutetemeka kidogo kuliko anayeletewa.

Ikifika siku ya kusema nyumbani, na itafika, usiende peke yako. Sisi watu wa pwani tunajua kutuma mshenga kwa jambo la ndoa, kwa sababu jambo zito likisemwa na mwenye haja mwenyewe hugeuka ubishi. Basi tuma mshenga. Asiwe msanii mwenzako, kwa kuwa huyo anahesabiwa upande wako. Awe mjomba, au shangazi, au somo wako kama ni binti, au mwalimu wa madrasa aliyekufundisha tangu utoto, mtu ambaye mzazi hawezi kumkatisha maneno. Na awe amekuona ukifanya kazi. Mshenga asiyekuona atasema "kijana ana nia nzuri," na nia nzuri haimtoshi baba. Aliyekuona atasema "nimepita pale mara sita, mara zote sita nimemkuta." Ukishaitwa, piga magoti au keti chini kama desturi ya kwenu ilivyo, na uombe radhi kabla hujaomba ruhusa. Ruhusa ni ya leo, radhi utaihitaji hata wazee watakapokuwa hawapo.

Shule usiiache. Hapa sitaki maneno mengi, kwa sababu hapana mjadala. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyo mrithi wa kile chuo cha 1981 tangu mwaka 2007, hutoa astashahada na stashahada kama vyuo vingine vya nchi hii, na mlango wa astashahada kwa kijana aliyetoka kidato cha nne ni ufaulu wa masomo 4, yasiyo ya dini. Mpeleke baba yako pale kwa miguu siku ya kawaida, siyo siku ya tamasha. Aone ratiba ukutani, aone madarasa, amsikie mwalimu akimkemea mwanafunzi aliyechelewa. Mzee mmoja wa Zinga alimkatalia mwanawe miaka miwili. Alichombadilisha ni kuona wanafunzi wakifagia ukumbi asubuhi.

Ukianza kupata fedha, ndogo au kubwa, iwe na njia inayoonekana. Kikundi kiwe na daftari: nani alialika, alilipa kiasi gani, nani alipata nini, nauli ilikuwa ngapi. Vikundi vingi vya hapa havifi kwa kukosa vipaji, vinakufa usiku wa kugawana posho. Jisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na kama unatunga nyimbo zako zipeleke ofisi ya hakimiliki, COSOTA, zisajiliwe kabla hujazisikia kwenye tangazo la mtu mwingine. Uwe pia na kazi ya pili ya kushika msimu wa mvua, na usione aibu nayo. Mimi nimekalafati vyombo mpaka nilipotimiza miaka 40. Fedha yako ya kwanza kabisa, hata ikiwa haifiki mbali, ifanyie jambo moja nyumbani linaloshikika. Kwa mama, doti ya kanga inasema kuliko bahasha. Ataivaa, ataulizwa ametoa wapi, na atalitaja jina lako pamoja na kazi yako kwa mdomo wake mwenyewe. Hapo utakuwa umempa maneno ya kuwajibu wale watu aliokuwa akiwaogopa.

Kwa mabinti kuna neno la zaidi, na nalisema kama mzazi. Siti binti Saad alitoka Fumba, binti wa ufinyanzi aliyetembeza vyungu mjini Unguja, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili kitabu. Njia ile haikuwa salama kwake, na hata leo si salama kila mahali. Nenda mazoezini na mwenzako. Nyumbani wajue jina la kiongozi wa kikundi, nyumba yake na namba yake. Anayekuahidi safari ya nje, mkataba uje kwa lugha unayoisoma, usomwe na mtu mzima wa kwenu, na pasipoti isitoke mkononi mwako. Mtu akikwambia usimwambie mama, huyo ameshajieleza, ondoka.

Nanyi wazazi, nisikilizeni kidogo. Sisi wenyewe tunajua mji huu ulivyo. Samaki wamepungua, vyombo vya mbao vinaagizwa kwa nadra, na magorofa yanayosogea kutoka upande wa Bunju na Mapinga hayatawaajiri watoto wetu wote. Mtoto aliyejifungia nyuma ya jiko wiki tatu akitoboa gogo ana kitu ambacho ada ya shule hainunui: amejifunza kukaa na kazi ngumu bila kusimamiwa. Usikiue kitu hicho kwa sababu hulipendi umbo lake. Uliza maswali yako yote, uyaulize kwa ukali ukitaka, lakini nenda ukaone kwanza. Mwaka 1965 serikali yetu ilipeleka vijana China kujifunza sarakasi, wakakaa miaka 4. Kuna wazazi waliowaaga watoto wale wakiwa hawajui hata sarakasi ni kitu gani. Sisi tunaombwa kutembea dakika kumi tu.

Wapo wazazi watakaokataa hata hivyo. Nisiseme uongo kwamba njia hii hufungua kila mlango. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kuketi kwenye ukumbi kunitazama. Alikagua kila ngoma niliyoichonga, alipitisha kiganja, alisema ukuta mzito au mwembamba, basi. Nilihuzunika kwa miaka, mpaka nilipoelewa kwamba mtu yule hakuwa na namna nyingine ya kusema. Ukiona mzazi wako amekupa robo ya ulichokitaka, ishike robo ile kwa mikono miwili, uendelee na mazoezi, usimdai iliyobaki mbele ya watu. Na kama hata robo haikuja, na kazi ni ya halali, na wewe ni mtu mzima unayejilisha, endelea kwa heshima. Salamu isikatike. Sikukuu usikose nyumbani.

Yule binti wa zeze alikuja kwangu miezi mitano bila kumwambia mama yake neno kuhusu usanii. Alimwambia tu anakwenda kujifunza kwa mwalimu fulani baada ya shule, akamtajia jina na nyumba, na mama akapita siku moja na beseni lake kichwani kuhakikisha. Alisimama mlangoni, akatazama, akaondoka. Binti alikuwa na zeze la kibuyu la kujifunzia, uzi wake umekatika mara mbili, na jioni nyumbani alikuwa akihangaika kuunga vipande. Sikumnunulia uzi mpya. Nilikuwa nangoja.

Jumamosi moja alikuja akiwa ameshika kifurushi cha gazeti kinachonuka samaki. Ndani mlikuwa na mshipi wa kuvulia, mpya, umeviringishwa vizuri kwenye kijiti. Mama alikuwa amewaomba wavuvi asubuhi wakati wanashusha samaki. Alimwambia, "Huu unabeba changu wa kilo tatu. Mwalimu wako aone kama utafaa."

Mshipi si uzi mzuri wa zeze. Mlio wake ni mwembamba na unateleza. Tuliufunga siku ile ile, tukaukaza, binti akaupiga mpaka jua likazama.